Baiskeli Kando ya Mashine

Mwanangu, ipo siku moja ya kule Kuluba, Koboko, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu.

Nilikuwa msichana mgeni pale, kwetu ni Ayivu, nimetoka chuoni juzi tu, najiona najua kila kitu. Tulikuwa tunatafuta pa kuchimba kisima. Akina mama wa pale walichota maji kijitoni pamoja na ng'ombe, na mtambo wa kuchimba ulikuwa uondoke keshokutwa kwenda Omugo. Tulikuwa na mashine mbili za kupima sumaku ya ardhi, zinazosaidia kujua mwamba umepasuka wapi, maana maji hukaa hapo. Moja nilitembea nayo. Ya pili ilikaa mahali pamoja kutwa, kwa sababu sumaku ya ardhi yenyewe hupanda na kushuka, na lazima ujue imebadilika kiasi gani. Hiyo haitaki chuma karibu yake, hata panga.

Nilimwachia Afande Juma, mwanajeshi mstaafu wa kijiji kile.

"Mzee, chunga hii mashine, mtu asiguse," nikasema, nikaenda zangu.

Alichunga kweli! Jioni nilimkuta ubavuni mwa mashine, ametundika koti kwenye baiskeli apate kivuli, na kila jua lilipohama alikuwa ameisogeza baiskeli. Vipimo vyote viliharibika. Nikamfokea mbele ya wajukuu wake.

Hakupandisha sauti. "Mutoto yangu, mimi nilikaa na njaa juu ya hii kitu yako. Ulisema mutu asiguse. Hukusema baiskeli iko mbaya."

Niliona aibu, mwanangu. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Kesho yake tukaanza upya. Mzee alikuja bila baiskeli, bila saa, hata mkanda aliuacha nyumbani. Alisimama mbali, mkono mmoja umeshika suruali, akifukuza kila mwenye jembe. Mtambo ulichimba tulipoonyesha kabla ya kuondoka, na maji yakatoka.

Miaka mingi baadaye nikapita tena. Nilimkuta amezeeka, amebeba jerikeni begani kutoka kwenye pampu ya kisima kile, baiskeli yake ameiegesha kule mbali barabarani.

"Nachunga mashine yako isiharibike," akasema.

Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya kupima ilikwisha, na kwamba pampu haidhuriwi na chuma. Tulicheka mpaka machozi, ila yangu hayakuwa ya kicheko tu.

Basi ukimpa mtu kazi, mwanangu, mpe na sababu yake, na ikiisha rudi umwambie. Mungu akujalie watu wa kukuchungia vitu vyako kwa moyo ule, nawe akupe subira ya kukaa nao chini na kuwaeleza.