Shangazi na Fundi Aliyeitwa Redio

Watu wakimuuliza shangazi yangu kazi yake, hujibu, "Nalea watu wazima." Ni afisa utumishi wa kiwanda cha kushona mashuka ya hospitali, na ofisi yake ni nusu ya stoo: huku mafaili, kule maboksi ya uzi. Kwa ubishi hana mpinzani. Hata mumewe alishanyoosha mikono.

Mwaka jana kiwanda kilipata oda ya mashuka elfu mbili, yote yawe tayari ndani ya wiki tatu. Meneja mpya, mtu wa haraka haraka, alipita ukumbini akawakuta mafundi wanashona huku wanapiga soga. Kinara wao alikuwa mama wa meza ya kwanza, waliyembandika jina la Redio. Meneja akapiga marufuku mazungumzo, na meza zote akazigeuza zitazame ukuta.

Wiki moja baadaye, mashuka yenye kasoro yalikuwa mlima. Meneja akamletea shangazi barua ya kumfukuza Redio.

"Tia sahihi. Huyu ndiye aliyewaharibu wenzake."

"Nilimwajiri mimi," shangazi akasema. "Rudisha meza zilivyokuwa, uniachie watu wangu mpaka siku ya mwisho. Oda isipokamilika, andika barua mbili, yake na yangu."

Niliposikia nilishika kichwa. Ana watoto wawili chuoni, halafu anajitia kitanzi kwa ajili ya mpiga soga!

Kumbe alikuwa na lake. Miaka sita amekuwa akipita kila asubuhi meza kwa meza kusalimia, na salamu zake si za juu juu. Alijua Redio husimulia harusi ya jirani, kisha katikati hupaza sauti, "Jamani, kitambaa hiki kimekatwa upande! Dada wa pindo, uzi wako umelegea!" Halafu anarudi harusini. Kasoro hukamatwa kabla haijafika meza ya pili. Chini ya marufuku, kila mtu aliona kosa akafunga mdomo.

Basi meza zikarudishwa, na soga nazo zikarudi. Meneja alipita siku nzima amenuna, na wiki iliyofuata, kasoro zilipopungua, akaanza kuchungulia. Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, yakiwa yamebaki mashuka arobaini, aliingia ukumbini na bahasha mbili mkononi. Shangazi alipoziona, aliacha kuhesabu mashuka akamsogelea.

Kabla meneja hajafungua mdomo, Redio akapaza sauti. "Bosi, sogea! Umekanyaga shuka!"

Cherehani zote zikasimama. Meneja akatazama chini, akaona kiatu chake juu ya pindo jeupe. Akasogea. Akazisokomeza bahasha mfukoni, akaliokota shuka, akalikung'uta na kuanza kulikunja, ovyo kabisa.

"Siyo hivyo, baba," Redio akamwambia. "Njoo huku nikuonyeshe."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Saa kumi na moja oda ilitoka getini, na mashuka manane ya mwisho alikuwa ameyakunja meneja mwenyewe.