Miiba ya Ngogo

Ili uelewe kwa nini siku ile tuliwalilia samaki, katika kisiwa ambako samaki huliwa kila siku, ni lazima kwanza nikueleze ngogo ni samaki gani.

Ngogo ana mwili mrefu unaochongoka kuelekea mkiani kama mkunga, na mdomo wenye ndevu kama za kambare. Akiwa mchanga huwa mweusi, mwenye mistari myeupe inayotoka usoni mpaka karibu na mkia. Sura yake isikutishe. Cha kuogopa ni miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye sumu inayomtoa mtu mzima machozi. Ndiyo maana wavuvi wa kisiwa hicho cha Juani, wakimtoa ngogo kwenye dema, mtego wao wa kusuka, kwanza humvunja miiba. Hata hawafikirii. Mkono hujifanyia wenyewe, kama wewe unavyofunga vifungo vya shati huku unaongea.

Mimi nilikuwa mwalimu pale, mtu wa bara niliyepangiwa kazi kisiwani katika miaka ile ambayo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka. Kijiji kilikuwa na tangi la kioo, limewekwa katika chumba kilichokuwa ghala, karibu na mahali abiria wanaposhukia. Watoto walikwenda kutazama, na wageni waliotoka kwenye magofu ya mji wa kale wa Kua walipita hapo kabla ya kuvuka. Lilikuwa tangi la mchanganyiko: kitatange, kangaja wachanga, visamaki vya buluu vya kwenye matumbawe, wote humo humo. Kamati ya kijiji ilinikabidhi mimi na shoga yangu, ambaye nyumba yake na yangu ziligusana ukuta. Tulibadilisha maji kwa ndoo bahari ilipojaa, tukawalisha uduvi, tukafuta paneli ya jua ili pampu ya hewa isizime.

Ngogo waliletwa na mume wa shoga yangu. Asubuhi moja alikuta kundi la vitoto vya ngogo kwenye majani ya bahari, akavizoa kwa ndoo, na katika kuvimimina tangini kimoja kikamchoma kidole gumba.

"Miiba hukuivunja kwa nini, nawe?" mkewe alimuuliza, akimwekea beseni la maji ya moto aloweke kidole, maana joto ndilo linalotuliza sumu ile.

"Aliyevunjwa miiba ni wa mchuzi. Hawa ni wa kutazamwa."

"Haya, jitazame na wewe unavyolia."

"Silii. Ni mvuke huo."

Na kweli walikuwa wa kutazamwa. Ngogo wachanga hawaogelei kila mmoja na njia yake. Hujikusanya donge moja, mwili juu ya mwili, wa chini wakitafuta chakula mchangani na wa nyuma wakipanda juu ya wenzao kwenda mbele, hata ukadhani ni mpira mweusi unaobingirika polepole. Shoga yangu alikuwa akienda kuwatazama baada ya alasiri, na mumewe, akiwa hakuenda baharini, alimfuata. Waliketi kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa. Nyumbani kwao palikuwa na wakwe, wapwa na wageni wasioisha. Nadhani mbele ya kioo kile ndipo pekee walipopata kukaa wawili bila mtu kuuliza chumvi iko wapi.

Kisha kifua kikambana mume. Wakamvusha kwenda hospitali, na aliporudi alirudi amefunikwa.

Shoga yangu akaingia eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Chumba cha tangi kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwake, lakini hakikuwa dharura, na yeye mwenyewe hakutaka kiwe. Kila jioni nilipiga hodi kumpelekea habari.

"Wazima?"

"Wazima, shoga yangu."

"Bado wanabingirika?"

Hapo nilijibu kwa taratibu. Walikuwa wanakua. Ngogo akikua huacha donge. Huanza kujitafutia pango lake, na mistari yake hufifia. Nilimwambia kidogo kidogo, leo kwamba wamenenepa, kesho kwamba wanapenda kukaa chini ya mawe. Alikuwa ananisikiliza akikunja na kukunjua pindo la khanga. Alikuwa anakula kidogo sana, na samaki hakumgusa kabisa tangu msiba.

Shida ikaja kwamba visamaki vya buluu vilianza kupungua. Ngogo walikuwa wamefikia urefu wa kiganja, na mdomo nao umekua. Kamati ikaamua warudishwe baharini kabla hawajamaliza wenzao. Ulikuwa uamuzi wa haki. Hata mimi nilinyoosha mkono. Ila eda ilikuwa haijakwisha, na wale ndio walikuwa kitu cha mwisho mumewe alichokileta kutoka majini.

Nilipompa habari alisema, "Basi nileteeni niwaone. Mimi siwezi kuwafuata, lakini wao hawana eda."

Shangazi yake, aliyekuwa akikaa naye ndani, akainua kidole. "Ngoja kwanza. Wamo madume humo?"

"Sijui kuwatofautisha, shangazi," nikasema.

"Hapo pana neno. Mwenye eda haonani na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa."

"Na wote wana ndevu, shangazi," akasema shoga yangu kutoka kitandani.

Tukacheka mpaka shangazi akajifuta macho. Kicheko chake shoga yangu sikuwa nimekisikia tangu mazishi.

Tukapanga Jumapili, nikisharudi kusali kanisani, kisiwa cha pili. Tungewahamisha kwa sufuria lile kubwa la kupikia pilau ya harusi, awatazame mpaka jioni, kisha wapelekwe baharini. Mdogo wa marehemu, mvuvi kama kaka yake, alisema atasaidia kubeba.

Nilirudi nikakuta sufuria limeshafika, limewekwa sebuleni. Shemeji yule alikuwa barazani, miguu ina mchanga, uso umechangamka.

"Mwalimu, nimekupunguzia kazi. Na nimewavunja miiba wote, shemeji asije akachomwa."

Nikaingia.

Shoga yangu alikuwa amepiga magoti kando ya sufuria. Ngogo walikuwa wamejikusanya katikati, donge moja, kama siku ile ya kwanza.

"Tazama," alinong'ona. "Ulisema wameacha. Tazama wanavyoshikana."

Mimi huwa sikosi la kueleza. Siku ile nilijua kwamba samaki aliyeumia na kuogopa hujibanza kwa mwenzake, nikalimeza. Nilipiga magoti nikatazama naye. Maji yalikuwa na uwekundu mwepesi kama maji ya kuoshea mchele mwekundu. Donge likalegea. Mmoja akainama upande, akajaribu kusimama, akainama tena.

"Mbona yule analala ubavu?"

Ndipo nikamwambia. Nilisema polepole: miiba ile imeshikana na mwili ndani, ikivunjwa hivyo samaki hutoka damu na hupoteza mizani.

"Wakirudishwa baharini?"

"Hawatafika mbali, shoga yangu. Wa kwanza kuwaona atawala."

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka barazani tukasikia sauti ya shemeji, imebadilika. "Wallahi, shemeji, mimi nilidhani nafanya wema. Mkono tu. Mkono tu, shemeji."

Alilia, mwanaume yule, na shangazi akalia, na mimi. Shoga yangu hakulia. Alitia mkono ndani ya sufuria, kitu ambacho mumewe hangemruhusu, akampitishia ngogo mmoja kidole mgongoni, pale palipokuwa na mwiba. Akakaa hivyo muda mrefu. Wengine walianza kuelea.

"Aliyevunjwa miiba ni wa mchuzi," akasema mwishowe. "Mwenyewe ndivyo alivyosema. Shangazi, kuna nazi?"

"Mwanangu..."

"Sitaki wamwagwe. Hiki ni kitoweo chake cha mwisho. Kuna nazi?"

Nazi ilikuwepo. Alikuna mwenyewe, akakamua tui, akatia ndimu na chumvi. Hakuwa amekaa jikoni tangu aingie eda, na shangazi alimwachia mwiko. Sahani ya kwanza aliipakua ikapelekwa nje.

"Shemeji, siwezi," tulisikia.

"Kula," alimwambia kutoka ndani. "Kaka yako ndiye aliyevua."

Akangoja. Mpaka aliposikia sahani ikiguswa ndipo na yeye akanawa, akaketi mkekani baina yangu na shangazi, akachambua miiba midogo kwa vidole na kutia tonge la kwanza mdomoni. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, naye hakuyafuta, maana mkono ulikuwa na mchuzi. Aliendelea kula.