Nusu Mzunguko wa Nati

Mota ya nne ikivunjika, Mama Pacha anarudi kaunta kuuza betri. Mjomba wake, mwenye karakana, alikwisha sema hivyo, na mjomba akisema, amesema.

Mama Pacha alikuwa fundi wa magari ya rimoti, yale madogo ya mashindano. Ndani ya kila gari kuna mota ndogo ya usukani, yenye meno ya gia membamba kama ya mtoto mchanga. Kati ya mota na magurudumu hukaa springi yenye nati. Gari likigonga, springi hunepa, meno yakapona. Nati ikikazwa mno, kishindo chote huyaangukia meno.

Gari la Kipanga, mmoja wa washindani, lilikuwa limeng'oka meno mara tatu mwezi huo, na lawama zote kwa fundi. Safari hii Mama Pacha alilegeza nati nusu mzunguko, kisha akapitisha juu yake mstari mwembamba wa rangi ya kucha, ili nati ikigeuzwa, mstari ukatike.

Siku ya mashindano, uani nyuma ya ghala, Kipanga akaliweka gari mahali pa kuanzia. Mama Pacha akainama kulitazama. Mstari umekatika.

"Umekaza nati."

"Kidogo tu, dada. Usukani ulikuwa unayumba kama mlevi."

"Lete hapa."

"Wanaanza, bwana!"

Mjomba akasogea. "Kuna nini tena?"

Angeweza kunyamaza, gari livunjike, mstari umtolee ushahidi. Lakini ayaone meno yaking'oka, mikono mfukoni? Akatoa spana.

"Mjomba, pacha wangu wanajifunza kutembea. Wanaanguka kutwa, hawavunjiki, maana hawajikazi. Wewe ulipoanguka ngazini ulijikaza, mkono ukavunjika."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka.

"Legeza. Likivunjika, kaunta inakungoja."

Akalegeza nati, mbio zikaanza. Mzunguko wa tatu wa mbio gari likateleza, likabamiza ukuta kwa pua. Magurudumu yakapinda upande.

"Lirudishe nyuma," Mama Pacha akamwambia Kipanga. "Haya, kushoto."

Magurudumu yakajinyoosha, yakageuka kushoto.

"Kulia."

Yakatii. Gari likachomoka, la mwisho kabisa, Kipanga akipiga kelele kama anayeongoza.

Mjomba akajikuna ule mkono wake uliowahi kuvunjika.

"Hiyo rangi ya kucha imebaki?"

"Ipo."

"Kesho uje nayo. Mezani kwako kuna magari sita ya kutengeneza."