Asubuhi za Dereva wa Iyunga

"Ndugu dereva, tangu uanze kulaza lori lako hapa Iyunga, hata kuku wangu anataga mayai meusi!" Severina, dobi wa gesti, alifoka huku akimwonyesha shuka alizoanika, zilizojaa masizi. Bwana huyo kila asubuhi huwasha matambara chini ya tangi, maana baridi ya Mbeya inagandisha dizeli. Injini ikishawaka, anaiacha ingurume mpaka amalize chai yake, na chai yenyewe anaipuliza taratibu utafikiri yuko kikaoni na waziri. Sauti hakupandisha, alikung'uta tu kofia yake gotini.

"Dada, moshi wa dizeli ni dawa. Unafukuza mbu."

"Mbu gani na baridi hii? Mama yangu mle ndani kwangu anakohoa wiki ya tatu! Sabuni yenyewe imeadimika, napanga foleni, na wenye gesti wamesema shuka zikirudi chafu tena, sina kazi. Mama nitamtibu na nini?"

Hapo upepo ukageuka, moshi wote ukamjia dereva usoni. Akajiziba pua kwa kofia, akachukua kikombe chake, akaenda zake ng'ambo ya barabara kwenye hewa safi, injini akaiacha inanguruma.