Kiganja cha Kyule

Kaka yangu Kyule amekata nyasi kwa trekta hapa Migwani kwa miaka kumi na moja, na hajawahi kuanza kazi bila kupima. Huzima injini, huikalisha mashine ya kukata juu ya magogo, kisha huingiza mkono chini yake. Kati ya kisu na udongo lazima kiganja kipite kikiwa kimesimama. Upande wa mbele huushusha chini zaidi kidogo kuliko wa nyuma, ili nyasi ikatwe mara moja. Nilikuwa nikimcheka kwamba anapima kama fundi wa suti.

Tulipomzika baba, Anko Gedion ndiye aliyesimamia matayarisho. Kwetu uwanja wa nyumbani hufagiliwa mpaka udongo ubaki mtupu. Nyasi karibu na mlango ni uvivu, tena ni nyoka. Anko alitazama mstari wa kwanza aliokata Kyule, akauliza kama tunataka watu waseme marehemu hakuacha watoto.

"Anko, hapa iko mawe," Kyule alimwambia. "Nikishusha, itarusha."

Anko akajibu kwamba mawe hayo yalikuwepo kabla Kyule hajazaliwa. Wazee wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Kyule akashusha mashine.

Jiwe lenyewe halikuzidi punje ya haragwe. Lilimpata Nduku, mke wa Kyule, akikoroga chai ya waombolezaji, likaondoka na jicho lake la kulia. Nduku hushona sare za shule. Siku ya mazishi yeye alikuwa hospitalini, na watu walikuwa wakiusifu uwanja. Hilo sitalisahau.

Siku hizi Kyule hawezi kuwasha trekta asubuhi kabla ya kumtungia mkewe uzi kwenye sindano.

Mwezi jana Anko alikuja. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka uwanja wake ukatwe chini kabisa, kama ule wa baba yetu. Aliyasema hayo akinywa chai ya Nduku, bila haya.

Kyule aliinamia sindano. Nduku aligeuza kichwa chote ili amwone Anko vizuri.

"Atakuja, Anko," alisema. "Lakini siku hiyo wewe utasimama pale nilikuwa nimesimama."

Anko aliacha chai nusu kikombe. Harusi ilipofika, uwanja wake ulikatwa na watu wanne wenye mapanga. Kumbe alijua mapanga yapo.