Kambi ya Wiki Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja Specioza alifua jezi za Nyota ya Ntuzu nyumbani kwake Somanda, mjini Bariadi. Alijua nani huchana mkono wa jezi na nani hutoka jasho la kumaliza sabuni. Soksi ndizo zilizomchosha, maana udongo wa mbuga ukishika kitambaa cheupe hauachi upesi. Timu ilipopanda daraja, wachezaji walimbeba juu juu uwanjani, naye aliposhushwa akambusu Deogratias, katibu wa klabu, mashavuni kama mtoto. Kweli alikuwa mwanawe wa ubatizo.

Jumanne moja asubuhi Deogratias alifika na pikipiki.

"Mwangaluka, mama. Fua seti zote, hata za mazoezi. Tunakwenda kambi Dodoma."

"Mwangaluka, mwanangu. Siku ngapi?"

"Wiki mbili tu."

Alifua mpaka vidole vikakunjamana, akashona na nembo ya jezi ya kipa iliyokuwa imebanduka. Alhamisi mashabiki walikuja kuaga basi. Bujiku, mpiga ngoma wao, alichungulia buti la gari, akamvuta Specioza pembeni.

"Mayu, mama yetu, mbona wamepakia hata nyavu za magoli? Kambi gani hiyo?"

"Deo ni mwanangu. Kungekuwa na jambo, angeniambia."

Bujiku akaridhika. Akawatuliza na wenzake, basi likaondoka kwa vigelegele.

Jumamosi redio ilitangaza kwamba Nyota ya Ntuzu imepata mmiliki mpya, jina jipya na uwanja wa nyumbani katika mkoa mwingine. Saa hiyohiyo watu walijaa uani kwa Specioza. Hawakwenda kwa katibu, walikuja kwake. Hakuna aliyepaza sauti. Bujiku alisema tu, "Wewe ulituambia," akageuka akaondoka, na wengine wakamfuata. Salu, jirani muuza nyanya, alikuwa wa mwisho kutoka, wala hakuaga.

Specioza alijifunga kitenge akaenda kwa Deogratias. Alimkuta akifungasha.

"Mama, kaa kwanza. Mpira siku hizi ni biashara. Kampuni imenunua nafasi yetu ya ligi. Uongozi ulikaa, ukapiga kura, kila kitu kimefuata sheria."

"Na sisi tuliokuwa tunaishangilia?"

"Ninyi ni mashabiki. Timu ni ya waliosajiliwa."

"Sikuulizi ya kampuni. Uliniambia wiki mbili."

Deogratias alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Ningekuambia kweli, ungefua?"

"Nisingefua."

"Na watu wangelizuia basi. Wewe wanakusikiliza."

Hapo ndipo ilipomwingia. Hakuhitajiwa kwa sabuni yake. Alihitajiwa kwa kuaminiwa kwake.

Wiki iliyofuata alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa Bujiku na kwa kila aliyesimama siku ile ya basi, akieleza alichojua na asichojua. Walimkaribisha, wakamsikiliza, wakamsindikiza hadi barabarani. Lakini akipita sokoni mazungumzo yalikatika, na wengine walisema lazima alipewa chake. Uwanjani ng'ombe walianza kula majani hadi ndani ya boksi la penalti.

Pasaka Deogratias alikuja kumsalimu, sasa akiwa meneja wa timu huko ilikohamia. Specioza alimpikia ugali na sato, kwa kuwa mgeni hanyimwi chakula. Aliposhiba akasema, "Mama, kule mashine inaharibu nembo. Njoo utufulie, nyumba ipo."

"Sitakuja."

"Umenikasirikia bado?"

"Nenda, gari lako linasubiri."

Majirani waliliona hilo gari. Kesho yake Salu alisimama mlangoni kwa Specioza, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, akamuuliza yule mwanawe Deogratias alikuja kuleta nini. Specioza akamsimulia yote, neno kwa neno. Salu aliitikia kwa kichwa huku macho yake yakizunguka chumbani, yakitafuta kilicholetwa.