Maji Nyuma ya Visigino Vyangu

Chwaa! Mlio ule ninao masikioni hadi leo, mwanangu. Maji yalipiga saruji nyuma ya visigino vyangu asubuhi moja hapa hapa Hayes, London, nami nimeshika begi langu naelekea uwanja wa ndege, naenda Tanga kwenye harusi ya shangazi yako Rehema, ile uliyocheza mpaka ukapoteza kiatu. Nikageuka. Bi Mahin, mama wa Kiajemi aliyepanga chumba cha chini, alikuwa amesimama mlangoni na ndala zake, bakuli tupu mkononi, anatabasamu. Jani moja bichi limeganda kwenye ngazi.

Najua unacheka nikikuita mwanangu, maana nimekuzidi miaka tisa tu. Lakini kwa ukoo mimi ni shangazi yako, na shangazi akiona jambo husema. Juzi uliniambia kwenye simu kwamba jirani yako mpya huko Thornton Heath "haeleweki", na kwamba umeanza kumchunguza. Ndiyo maana nakuandikia.

Sikumuuliza Bi Mahin kitu. Kwetu nani atakumwagia maji nyuma, tena na jani, halafu useme amekutakia heri? Ndani ya basi nilivua viatu nikavifuta kwa kitambaa mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Tanga nikamhadithia bibi yako, akaweka kikombe chini. "Maji na jani? Hama hiyo nyumba, Fatma. Usingoje mwisho wa mwezi."

Nilirudi salama, sina hata mafua. Hilo sikulitia maanani. Nikichelewa shifti, ni yale maji. Wali ukiungua, ni yale maji. Nikahamishia sufuria zangu chumbani, nikanunua na kufuli la kabati.

Na kabla ya hapo tulikuwa tukinywa chai pamoja jikoni! Nilimweleza ndoto yangu ya duka la mashela ya maharusi, naye akanisikiliza kama vile duka limeshafunguliwa, akaniuliza pazia la dirishani litakuwa rangi gani. Yeye alinieleza mji wao. Mji mdogo, wenyeji wote wanasema Kiajemi, ila ndio makao makuu ya wilaya, kwa hiyo watu wa vijijini hushuka pale na makaratasi yao kutafuta mihuri. Jina la mji lilinishinda kutamka, tukacheka sana. Picha yake aliibandika kwenye friji. Si picha ya nyumba wala ya watoto, ni lango la ofisi ya mkuu wa wilaya: jengo la manjano, bendera, na foleni ya wanaume wameshika mafaili.

Basi baada ya maji, picha nayo ikaniingia moyoni vibaya. Mtu gani anabandika ofisi ya serikali jikoni? Nikajiambia huyu mama ametumwa. Mimi, mpanga mikate kwenye trei za chakula cha ndege, nipelelezwe nini? Hilo sikujiuliza.

Siku moja aligonga na sahani ya wali wa zafarani. Nikapokea, nikashukuru, nikaenda kuumwaga kwenye pipa la nje. Nilipogeuka, alikuwa dirishani. Kesho yake alikuja kuchukua sahani yake, akaniuliza taratibu, "Fatma jan, chumvi ilizidi?" Hiyo "jan" ndiyo "mpenzi" yao.

"Hapana, mama," nikasema. Basi, tukaishia hapo.

Tulikaa hivyo, salamu za haraka tu, mpaka asubuhi niliyomkuta kwenye korido na sanduku. Mama yake anaumwa, anakwenda kumuuguza. Mkononi ana bakuli lile lile, limejaa, jani linaelea.

"Fatma jan, nimwagie."

Nikarudi hatua moja. "Nikumwagie nini?"

"Maji, nyuma yangu. Kwetu msafiri humwagiwa maji ili aende salama na arudi. Mimi nilikumwagia, ukarudi. Mama yangu ndiye aliyenimwagia siku ile natoka kwetu, pale mbele ya lango la ofisi, nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara. Hapa sina mtu mwingine."

Nilimsikia, mwanangu. Kila neno nililisikia, na bado niliogopa. "Samahani, mama. Siwezi."

"Haya, jan. Si kitu." Akaliweka bakuli kwenye ngazi kwa uangalifu lisimwagike, akaburuta sanduku lake mpaka kituo cha basi.

Nikaingia jikoni. Nikaisogelea ile picha, safari hii kwa karibu. Imepigwa kutoka dirisha la basi, kioo kinaonekana pembeni. Na chini kabisa, mbele ya foleni, barabara imelowa, doa la maji kama mkeka. Picha nimeitazama miezi yote ile, lile doa sikuwa nimeliona.

Sikwambii umwamini kila mtu. Funga mlango wako, London ni London. Ninachokwambia ni hiki: usimkusanyie mtu ushahidi na hujamuuliza hata swali moja. Mkaribishe chai, mwambie, "Jana ulifanya kitu sikukielewa, kina maana gani kwenu?" Akikujibu ovyo, umeshajua. Mimi na bibi yako tulikuwa na woga tu, tukauita akili. Usiurithi.

Mungu akulinde huko uliko, akupe majirani wema, akupe na ujasiri wa kuuliza mapema, kabla sahani ya mtu haijarudi kwake na aibu.

Bi Mahin hajarudi bado. Picha ipo palepale, naifuta vumbi.

Asubuhi ile nilitoka mbio na lile bakuli mpaka getini. Basi lilikuwa limeshakata kona, barabara tupu, hakuna hata wa kunicheka. Nikamwaga hivyo hivyo.